Uchambuzi: Kabla zege halijamwagwa kwenye fukwe za Zanzibar

Kila hoteli mpya katika pwani ya mashariki ya Unguja huanza kwa uzio wa mabati, vigingi vichache na bango lenye picha ya jengo ambalo bado halipo. Ni katika miezi hiyo ya mwanzo, kabla ya msingi kuchimbwa, ndipo huamuliwa nani atapita kwenda ufukweni, nani atapata maji na nani atapata kazi. Uamuzi huo ukishafunikwa kwa zege, kuubadili huwa jambo la mahakama, la fedha nyingi na la miaka mingi.

Msafiri anayetoka mjini Unguja kuelekea Paje hupita kwanza kwenye mashamba ya minazi na miembe yenye udongo mwekundu. Akishaupita msitu wa Jozani, mandhari hubadilika. Udongo unakuwa haba, mawe ya matumbawe yanachomoza juu ya ardhi, na vichaka vifupi vinachukua nafasi ya miti mikubwa. Wenyeji huliita eneo hilo uwanda. Mbele yake ni bahari, mchanga mweupe, na mlolongo wa vijiji vya Michamvi, Bwejuu, Paje, Jambiani na Makunduchi. Katikati ya vijiji hivyo, hoteli zilizokwisha kufunguliwa zimepakana na maeneo ambayo ujenzi ndio kwanza unaanza.

Eneo changa la ujenzi halina mengi ya kumwonyesha mgeni. Kuna mlinzi getini, tangi jeusi la maji, lundo la kokoto na nondo zilizofunikwa kwa turubai. Tingatinga limekwisha kung'oa vichaka, na baadhi ya minazi imepakwa rangi ili ijulikane ipi itabaki na ipi itakatwa. Vigingi vya mpima ardhi, ambavyo wengi huviita bikoni, vimesimama mmoja mmoja hadi karibu na mchanga. Bango la mbele linaonyesha bwawa la kuogelea, vyumba vilivyoezekwa makuti na bustani ya kijani kibichi.

Mgeni huyo akifika wakati maji yamekupwa, ataona jambo jingine. Bahari hurudi nyuma mbali sana upande huu wa kisiwa, na wanawake hutembea juu ya mchanga uliolowa wakielekea kwenye mashamba yao ya mwani, wamebeba kamba na vijiti. Njia wanayoipita inatoka kijijini. Swali la kwanza ambalo mradi wowote wa ufukweni unapaswa kulijibu ni hili: je, njia hiyo inapita nje ya uzio, au uzio umeikata?

Ardhi iliyodharauliwa

Ili kuelewa kwa nini swali hilo lina uzito, ni lazima kurudi nyuma kidogo. Kwa zaidi ya karne moja utajiri wa Zanzibar ulikuwa karafuu na nazi, na mazao hayo yalistawi kwenye udongo mzuri wa magharibi na kaskazini-magharibi mwa Unguja, na katika kisiwa cha Pemba. Uwanda wa mashariki ulionekana kuwa ardhi duni. Watu wake waliishi kwa uvuvi, kwa kilimo kidogo cha mtama, muhogo na kunde kati ya mawe, na kwa kuchoma chokaa.

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ardhi yote ilitangazwa kuwa mali ya serikali, na mashamba makubwa yakagawiwa wananchi kwa vipande vya eka tatu tatu. Ugawaji huo haukugusa sana uwanda, kwa sababu hakukuwa na mashamba makubwa ya kugawa. Watu wa pwani ya mashariki waliendelea kuitumia ardhi yao kwa desturi za ukoo na kijiji, pasipo hati.

Katika miaka ya 1980 bei ya karafuu iliporomoka, hasa pale Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkuu, ilipoanza kujitosheleza kwa zao hilo. Serikali ilitafuta chanzo kingine cha fedha za kigeni. Mwaka 1986 ilipitishwa sheria ya kulinda uwekezaji, na milango ya utalii ikafunguliwa. Kwa ghafla, ardhi iliyodharauliwa na wakulima ikawa ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote.

Sheria ya ardhi ya mwaka 1992 inaendelea kusema kwamba ardhi ni mali ya umma chini ya mamlaka ya Rais. Mgeni hawezi kuimiliki; anaweza kuikodi kwa mkataba wa muda mrefu, ambao kwa kuongezwa unaweza kufikia miaka 99. Mwanakijiji anayeondoka kupisha mradi kwa kawaida hulipwa fidia ya vile alivyovipanda na kuvijenga: minazi, miembe, kuta za nyumba. Ardhi yenyewe, ambayo ndiyo iliyomvuta mwekezaji, haimo katika hesabu hiyo kwa thamani yake ya soko. Hapo ndipo manung'uniko mengi ya pwani yanapoanzia, na ndiyo maana mazungumzo ya mwanzo kati ya mwekezaji, sheha na wanakijiji yana uzito kuliko sherehe yoyote ya kukata utepe.

Hoja ya serikali

Itakuwa si haki kuitazama hadithi hii kwa jicho moja. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar; ya mwaka 2022 ilihesabu 1,889,773. Ongezeko hilo la karibu watu laki sita katika miaka kumi limetokea kwenye visiwa ambavyo kikubwa chake, Unguja, hakifiki urefu wa kilomita 90. Vijana wanaomaliza shule kila mwaka hawawezi wote kuwa wavuvi, wala hakuna ardhi ya kutosha kuwafanya wote kuwa wakulima.

Serikali ya Rais Hussein Ali Mwinyi, iliyoingia madarakani mwishoni mwa mwaka 2020, imeweka matumaini yake kwenye kile inachokiita uchumi wa buluu, yaani uchumi unaotegemea bahari: uvuvi, bandari, mwani na utalii. Utalii ndio uliokwenda mbio zaidi. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 630,000 kutoka nje, na mwaka 2024 idadi hiyo ikapita 700,000. Barabara zimewekwa lami, umeme umefika kwenye vijiji vilivyokuwa gizani, na katika vijiji kadhaa wawekezaji wamechangia madarasa na vituo vya afya. Mzazi wa Jambiani ambaye mwanawe anaajiriwa jikoni kwenye hoteli ana sababu ya kutoutazama uzio wa mabati kama adui.

Ubishi uliopo, kwa hiyo, hauhusu kama hoteli zijengwe au zisijengwe. Unahusu namna zinavyoanza.

Mstari kwenye mchanga

Jambo la kwanza linaloamuliwa katika hatua ya vigingi ni umbali wa jengo kutoka baharini. Tanzania Bara, kupitia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, imezuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ziwa. Zanzibar, yenye sheria zake za mazingira na ardhi, imezoea kutumia kipimo kifupi zaidi cha mita 30 kutoka pale maji yanapofika wakati wa kujaa.

Kipimo hicho kinaonekana chepesi kwenye karatasi. Ufukweni si hivyo. Mchanga wa pwani hausimami mahali pamoja. Upepo wa kaskazi huusukuma upande mmoja, na upepo wa kusi huurudisha. Ufukwe ulio mpana mwezi wa pili unaweza kuwa ukanda mwembamba mwezi wa nane. Aidha, maji ya kujaa ya siku za kawaida hayafiki pale yanapofika maji ya bamvua. Mpima ardhi anayeweka vigingi katika msimu mmoja, bila kuwauliza wavuvi wa hapo bahari hufika wapi katika msimu mwingine, anaweza kuitii sheria kwa herufi na bado akaweka msingi wa jengo mahali ambapo bahari hupita.

Nani atalipia kosa hilo? Kwanza mwenye hoteli, ambaye atalazimika kujenga ukuta wa mawe kuzuia mawimbi. Kisha jirani yake, kwa sababu wimbi likigonga ukuta hurudi na mchanga wa mbele yake, na nguvu yake huhamia pembeni, mahali ambapo pengine pana hoteli nyingine au diko la wavuvi. Mwisho analipa mtalii, anayekuta kwamba ufukwe aliouona kwenye bango umebaki kuwa ngazi za saruji zinazoshuka majini. Wahenga waliosema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuwa wakizungumzia hoteli, lakini pwani imeyatafsiri maneno yao kama yalivyo.

Mfano wa wazi uko Tanzania Bara, kaskazini mwa jiji la Dar es Salaam. Katika eneo la Kunduchi, hoteli ya Africana ilikuwa miongoni mwa hoteli zilizojulikana za ufukweni. Bahari iliula ufukwe wake, majengo yakaharibika, na hatimaye hoteli ikaachwa. Watafiti waliochunguza eneo hilo walionyesha sababu mojawapo ambayo haikuwa baharini kabisa: mchanga ulikuwa ukichimbwa kwenye vijito vinavyoshuka kuelekea Kunduchi, kwa ajili ya ujenzi wa jiji lililokuwa likikua. Mchanga huo ndio uliokuwa ukiulisha ufukwe. Ulipokosekana, mawimbi yaliendelea kuchukua bila kupata wa kurudisha. Jiji lilichimba mchanga wa kujengea nyumba zake, na kwa kufanya hivyo likaibomoa hoteli yake.

Funzo hilo linaihusu Unguja moja kwa moja, kwa kuwa mchanga wa ujenzi umekuwa adimu kisiwani na serikali imelazimika kuudhibiti uchimbaji wake. Swali la mahali ulikotoka mchanga wa kila lori linaloingia getini ni swali halali, na jibu lake hupatikana kirahisi wakati lundo bado liko pale nje.

Njia, diko na mwani

Fukwe za Zanzibar ni za umma. Hata hivyo, haki ya kukanyaga mchanga haina maana kubwa kwa mtu asiye na njia ya kuufikia. Ikiwa hoteli tano zimepangana ubavu kwa ubavu na kila moja ina uzio hadi ukingoni, mvuvi aliyekuwa akitembea dakika tano kutoka nyumbani hadi chomboni sasa huzunguka nusu saa akiwa na nyavu au mashine begani. Mwanamke mwenye gunia la mwani uliolowa, ambalo uzito wake ni mkubwa mara nyingi kuliko ule wa mwani mkavu, huuhisi mzunguko huo zaidi.

Kilimo cha mwani wa biashara kilianza mwaka 1989 katika vijiji hivyo hivyo vya Paje na Jambiani, karibu wakati mmoja na utalii. Kilienea haraka kwa sababu kilimpa mwanamke wa pwani fedha zake mwenyewe, pengine kwa mara ya kwanza. Nyumba nyingi za mawe na bati katika vijiji hivi zilijengwa kwa fedha hizo, na watoto wengi walilipiwa shule kwazo. Leo kilimo hicho kina matatizo yake: bahari imepata joto, aina ya mwani yenye bei nzuri hufa kwenye maji ya kina kifupi, na bei ya ile nyingine ni ndogo. Juu ya hayo, mashamba ya mwani yako mbele kabisa ya hoteli, mahali ambapo mgeni anataka kuogelea na ambapo mwenye hoteli angependa kuona maji matupu.

Mgongano huo unaweza kusuluhishwa. Njia ya upana wa mita chache kati ya kiwanja na kiwanja, iliyochorwa kwenye ramani na kuwekewa alama, haimpunguzii mwekezaji chumba hata kimoja iwapo imewekwa kabla ramani ya majengo haijapitishwa. Ikidaiwa baadaye, inakuta bwawa la kuogelea limeshachimbwa juu yake. Kadhalika, mahali pa kuanika mwani na mahali pa kuvutia mashua pwani panaweza kutengwa mapema. Zanzibar ina utaratibu wa tathmini ya athari za mazingira unaosimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, ZEMA, na tathmini hiyo inapaswa kuwasikiliza watu wa shehia husika. Tofauti kubwa kati ya mradi na mradi ni kama kikao hicho kilifanyika vigingi vikiwa mkononi mwa mpima, au kilifanyika vikiwa vimekwisha kupigwa ardhini.

Maji yaliyo chini ya mawe

Kitu kisichoonekana kwenye bango lolote ni kisima. Katika uwanda hakuna mito. Mvua hupenya moja kwa moja kwenye mawe ya matumbawe na kukusanyika chini yake, ikielea juu ya maji ya chumvi yanayoingia kutoka baharini. Maji hayo baridi ni tabaka jembamba. Kisima cha kijiji, kinachochotwa kwa ndoo au kwa pampu ndogo, hulichukua polepole na mvua hulirudisha. Pampu kubwa inayofanya kazi mchana na usiku huvuta haraka kuliko mvua inavyorudisha, na chumvi hupanda kuchukua nafasi.

Mwaka 2012 asasi ya Uingereza iitwayo Tourism Concern ilichapisha ripoti iliyolinganisha matumizi ya maji katika Nungwi, Kiwengwa na Jambiani. Ilieleza kwamba kaya ya kawaida ilitumia takriban lita 93 kwa siku, ilhali chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kilitumia zaidi ya lita 3,000. Bustani za kijani, mabwawa ya kuogelea na ufuaji wa mashuka ndivyo vinavyokula maji hayo. Tangu wakati huo baadhi ya hoteli zimejenga mitambo ya kuondoa chumvi katika maji ya bahari au ya kusafisha maji yaliyotumika ili yamwagilie bustani. Teknolojia hiyo ipo. Lakini mabomba ya maji safi na mabomba ya maji yaliyotumika yanapaswa kutenganishwa tangu msingi unapochorwa. Kuyatenganisha katika jengo lililokwisha kukamilika maana yake ni kuvunja sakafu.

Vivyo hivyo kwa maji taka. Pwani ya mashariki haina mfumo mkuu wa mabomba ya maji taka, kwa hiyo kila mradi una shimo lake. Mawe yale yale yanayoyapitisha maji ya mvua kwenda kisimani huyapitisha pia yale yatokayo chooni. Umbali kati ya shimo la hoteli na kisima cha kijiji, na upande ambao maji ya chini yanaelekea, ni mambo ya kupimwa siku ya kwanza.

Kazi za mwaka mmoja na kazi za miaka thelathini

Katika hatua ya ujenzi ajira huonekana kwa macho. Waashi, mafundi wa nondo, wachonga mawe, vibarua wa kuchanganya zege, madereva wa malori na mama lishe wanaowapikia wote hupata riziki. Kwa mwaka mmoja au miwili kijiji huchangamka. Kisha mafundi huondoka, na hoteli huanza kutafuta watu wa aina nyingine: wapishi, wahudumu wanaozungumza Kiingereza, Kiitaliano au Kijerumani, wahasibu, mafundi wa mitambo ya maji na umeme.

Hapo ndipo vijana wengi wa kijiji hujikuta nje ya geti. Nafasi hizo huchukuliwa na waliosomea kazi hizo, wengi wao kutoka Tanzania Bara na Kenya, na kijana wa hapo hubaki na kazi ya ulinzi, ya bustani, au ya kuuza vinyago na safari za mashua ufukweni. Chuki inayozuka baina ya wenyeji na wageni kutoka Bara mara nyingi ina mzizi katika jambo hili, ingawa huvaa nguo za siasa au za mila.

Hata hapa, muda ndio unaoamua. Hoteli kubwa huchukua miaka miwili au zaidi kutoka kigingi cha kwanza hadi mgeni wa kwanza. Huo ni muda unaotosha kumfundisha kijana upishi, lugha au ufundi wa mabomba. Zanzibar ina chuo chake cha utalii pale Maruhubi, ambacho sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA. Mkataba unaotaja idadi ya vijana wa shehia watakaosomeshwa wakati kuta zinapanda una maana kubwa kuliko ahadi ya jumla ya kuwapa wenyeji kipaumbele. Vilevile makuti yanayoezeka vyumba huchakaa na kuhitaji kubadilishwa kila baada ya miaka michache. Kikundi cha wanawake kinachopewa kazi hiyo kwa mkataba kina kipato cha kudumu, kinyume na kile kinachouza makuti mara moja tu wakati wa ujenzi.

Uzio unaobaki uzio

Kuna hatari nyingine ambayo huzungumzwa kidogo. Si kila mradi unaoanza hufika mwisho. Fedha hukatika, wabia hugombana, mikataba huingia mahakamani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulitangazwa mradi wa Rasi ya Nungwi, kaskazini mwa Unguja, uliosemekana kuwa na thamani ya dola za Marekani bilioni 4, ukihusisha mahoteli, majumba ya kifahari na viwanja vya gofu katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 57. Watu wa Nungwi waliishi na hofu ya kuhamishwa. Mradi huo haukujengwa kama ulivyotangazwa, na Nungwi ilikua kwa njia nyingine, hoteli moja baada ya nyingine.

Katika miradi midogo hali hiyo hutokea bila kelele. Uzio wa mabati huota kutu, bango hufifia kwa jua, vichaka hurudi, lakini njia iliyofungwa hubaki imefungwa na mlinzi hubaki getini. Kijiji kinakuwa kimepoteza njia, minazi na sehemu ya ufukwe, na hakijapata hata kazi ya kibarua. Serikali ya Zanzibar imeonya mara kadhaa kwamba wawekezaji wanaoshikilia ardhi bila kuiendeleza watanyang'anywa. Onyo hilo lina nguvu pale tu mkataba wenyewe unapotaja tarehe, na pale sheha na wananchi wanapoijua tarehe hiyo.

Kutoka Paje hadi Rumonge

Kwa wasomaji na wasikilizaji wa Bujumbura, Rumonge na Nyanza-Lac, hadithi hii haiko mbali kama ramani inavyoonyesha. Ziwa Tanganyika nalo lina fukwe, nazo zina hoteli, mikahawa na viwanja vinavyosubiri kujengwa. Burundi, kupitia sheria ya maji ya mwaka 2012, iliweka umbali wa mita 150 kutoka ziwani ambao haupaswi kujengwa. Umbali huo ni mkubwa mara tano kuliko ule wa Zanzibar, na wengi waliona kwamba umezidi. Majengo yalisimama ndani yake.

Kisha ziwa likapanda. Tanganyika hupokea maji ya mito mingi lakini huyatoa kwa mto mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Mvua zikizidi kwa miaka mfululizo, maji hayana pa kwenda isipokuwa ufukweni. Wazee wanakumbuka kwamba ndivyo ilivyokuwa pia katika miaka ya 1960. Mwaka 2024 maji yaliingia kwenye hoteli na nyumba za ukingoni mwa Bujumbura, yakaathiri shughuli za bandari, na familia za Gatumba, ambazo tayari zilikuwa zimeteswa na mafuriko ya mto Rusizi, zikahama tena. Mita 150 ambazo zilionekana kuwa anasa ya wanasheria ziligeuka kuwa kipimo ambacho ziwa lenyewe lilikuwa likikijua.

Burundi inatumaini kuwa na utalii mkubwa zaidi, na mwambao wa ziwa ni miongoni mwa vivutio vyake vya kwanza. Wawekezaji wakija, nao watakuja na mabati, vigingi na bango. Pwani ya Unguja inaonyesha ni maswali gani yaulizwe siku hiyo, na yaulizwe na nani. Je, maji hufika wapi katika mwaka mbaya, kwa ushahidi wa wavuvi na si wa mpima peke yake? Njia ya kwenda majini iko wapi kwenye ramani? Kisima kiko wapi, na shimo la maji taka liko wapi? Ni vijana wangapi wa hapo watasomeshwa kabla ya kufunguliwa kwa milango? Na ujenzi usipoendelea, ardhi itarudi lini?

Hakuna hata moja kati ya maswali hayo linalohitaji mtaalamu wa kigeni kulijibu. Yanahitaji mkutano mmoja wa hadhara, ramani iliyobandikwa mahali pa wazi kwa lugha inayosomeka, na watu walio tayari kutembea pamoja kutoka kigingi hadi kigingi. Matembezi hayo huchukua asubuhi moja, mradi yafanyike kabla lori la kwanza la saruji halijafika.